Kampani ya mugodi iko juu ya kijito yetu na imepata mkopo ya banki ya Ulaya: tunaweza kuandikia ile banki?

mama_wa_bilanga

Jambo yenu wote, ba tata, ba yaya na ba ndugu wenye kujua mambo ya sheria na ya banki. Naomba mawazo, na munisamehe juu maneno yangu itakuwa mingi.

Niko Lubumbashi, upande ya komini Annexe. Tuko wamama kumi na moja, tunalimaka bilanga ya mboga kando ya kijito, lengalenga, matembele, sombe, na nyanya kidogo wakati ya kiangazi. Ile bilanga njo inalipaka minervali (pesa ya masomo) ya watoto, hatuna kazi ingine. Juu ya kijito kuko kampani ya mugodi na bwawa yake ya mabaki ya madini, imefika miaka kadhaa sasa, na mbele hatukuwa na palabre na wao.

Tangu mvua ya mwezi wa kumi na moja mayi ilibadilika. Mi sikusoma sana lakini nawaambia kile niliona na macho yangu. Pale mayi inarudia na kuacha udongo, kunabakia kitu cheupe kama chumvi, ukikikwangua na jembe, chini yake kuko rangi ya kijani kama ile inashikaka waya ya shaba ikilala inje. Lengalenga inaungua kuanzia pembeni ya jani, katikati inabakia nzima siku mbili tatu, kisha jani lote linaanguka. Jua haifanyike vile, mi nalima tangu utoto, najua jani yenye kukosa mayi iko namna gani. Na kwa jirani yangu, kisima yake, sabuni haitoe povu tena, anafua nguo ya mutoto anatumia sabuni mara mbili na nguo inatoka ngumu.

Tulienda kwa shefu ya kartie, shefu akatupeleka komini, komini ikaandika mu kitabu. Kisha wiki tatu kampani ikatuma kijana mumoja mwenye heshima, akajaza chupa mbili, akatuambia resulta itakuja. Mpaka leo haijakuja. Nilirudi mara mbili pa mulango yao, ba sentinele wananiambia mukubwa eko mu mukutano.

Sasa mutoto ya dada yangu alisoma pa intaneti kwamba kampani ilipewa mkopo ya kupanua fakitire na banki moja ya maendeleo ya Ulaya, na kwamba ile banki iko na masharti ya mazingira. Ni kweli mutu ya bilanga kama mi anaweza kuandikia banki kama ile? Kwa luga gani? Na tuseme nini? Wamama wengine wanaogopa, juu mabwana zao na vijana zao wanafanya kazi pale pale, wanasema tukiandika mkopo itakatwa na kazi itaisha, na sisi njo tutahesabiwa wabaya ya kartie. Mi nalala vibaya juu ya hii jambo. Asanteni.

yaya_wa_katuba

Mama, jambo sana, na pole. Umeeleza vizuri kuliko ripoti nyingi nimesoma. Mimi nafanya kazi na vijiji vinavyoishi karibu na migodi, siko avoka, lakini haya mambo nayashika kila siku.

Ndiyo, unaweza kuandika. Banki za maendeleo za serikali za Ulaya, Banki ya Dunia, banki ya maendeleo ya Afrika, karibu zote ziko na ofisi ya kupokea malalamiko ya watu wanaoumizwa na proje zilizopewa pesa. Ile ya Banki ya Dunia ilianzishwa 1993. Tawi lake linalokopesha makampani, IFC, liko na ofisi yake ya pembeni, inaitwa CAO, na wanapokea barua kwa luga yoyote, Kiswahili ndani. Hawakuombi uwe na avoka wala uwe na diplomu, wanakuuliza tu kama jambo linakugusa wewe mwenyewe.

Na siyo hadithi. Mwaka 2017 watu wa Kivu ya Kusini walilalamika kwa Banki ya Dunia juu ya kazi za barabara ya Bukavu na Goma, kulikuwa mambo ya mahali pa kuchimbia mawe, na mambo mazito zaidi ya wanawake kutendewa maovu. Banki ilisimamisha malipo ya zile kazi mwisho wa mwaka ule ule. Mbele yake, 2005, mashirika ya Wapigme yaliandika juu ya mpango wa misitu ambao Banki ilikuwa inausaidia hapa Kongo, na 2007 wachunguzi wakaandika wazi kwamba Banki haikuwafikiria Wapigme vile kanuni zake zenyewe zinaagiza. Wapigme, Mama, watu ambao hapa kwetu hata kwenye barza wanawekwa nyuma. Waliandika na wakasikiwa.

Lakini ngoja. Mbele ya kugusa kalamu juu ya banki, fanya njia ya hapa nyumbani kwa karatasi, siyo kwa mdomo, juu swali la kwanza wanaouliza ni kama mulijaribu kuongea na kampani na Leta, yaani serikali. Mulienda komini, vizuri, lakini muko na kopi yenye muhuri? Kama hapana, rudini. Barua moja kwa kampani, moja kwa divisheni ya migodi ya mkoa, moja kwa ile ofisi ya Leta inayochunguza etidi za mazingira (ripoti za athari ya proje), ACE, na kila barua kopi yenu ipigwe muhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa muhuri, andikeni chini saa na siku mulifika na watu wawili walioona waweke sahihi.

Ndani ya barua muko na msingi mkubwa. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na ana wajibu wa kuyatetea. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011, kifungu cha 8, inakupa haki ya kupewa habari za mazingira, kwa hiyo resulta za zile chupa mbili siyo zawadi ya kampani, ni haki yenu. Na Kodi ya migodi, yaani kitabu cha sheria za migodi, vile ilivyobadilishwa 2018 iko na kifungu 285 bis, kile mukishike kwa mikono miwili: mwenye mgodi analipa hasara ambayo kazi yake imeletea watu, mali zao na mazingira, hata kama hakuna kosa lake limeonekana. Yaani hamulazimiki kuonyesha kwamba mtu fulani alilala usingizi kwenye pompu. Munalazimika kuonyesha hasara, na kwamba imetoka kwao.

Na hapo kwenye "imetoka kwao" ndipo dosie nyingi zinakufa. Naomba wenye kujua mambo ya maji waseme.

chupa_safi

Nafanya kazi mu laboratuari hapa mjini, nitajibu hiyo.

Mama usichukue mayi mu chupa ya jusi ao ya mafuta hata ukiisuuza mara kumi, resulta itakataliwa. Omba chupa kwa laboratuari yenyewe, wanaziosha na asidi, na kwa kupima madini wanatia matone ya asidi ya nitriki mu mayi ili shaba na kobalti zisishike pa ukuta ya chupa. Kuchukua kwenyewe kuko na mupango wake: chukueni pale chini kwenye bilanga, chukueni pa kisima ya jirani, na, hii watu wanasahauka kila siku, chukueni na juu, pale kijito bado haijapita kampani. Bila ile chupa ya juu kampani itasema udongo ya Katanga iko na shaba tangu Mungu aumbe, na watakuwa na haki kidogo, udongo yetu iko na shaba kweli. Chupa ya juu njo itawajibu.

Kila pahali chupa mbili, moja inaenda laboratuari, moja inabakia imefungwa na sahihi ya shefu ya kartie. Piga foto na simu yenye kuonyesha pahali na saa. Na kama muko na pesa kidogo nunueni karatasi za kupima asidi, munachovya kila asubui munaandika namba mu kayé, haina bei. Siku moja namba ikianguka gafula kisha mvua ya usiku, ile munakuwa nayo kwa tarehe.

OMS, shirika ya afya ya dunia, iliweka mpaka ya shaba mu mayi ya kunywa miligramu 2 kwa litre. Kobalti haina mpaka ya OMS, kwa hiyo musikubali karatasi yenye kusema "kobalti iko chini ya kiwango cha OMS", kiwango hakiko. Nimeona karatasi ya namna ile na macho yangu.

Mutu akiwaambia hii ni mambo ya wanasiasa, mumukumbushe kwamba watafiti wa Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wa chuo kikuu cha Leuven walitoa kazi yao 2009, walipima mukojo ya watu wa Katanga, wenye kukaa kilometa chini ya 3 na migodi ao fakitire walikuwa na kobalti mingi mu mwili kuliko wenye kukaa mbali, na watoto kuliko wakubwa. Watoto, juu wanacheza mu mavumbi na wanaweka mikono mu kinywa. Mama mboga zenu muzioshe na mayi ingine, siyo ya ile kijito, na ya kisima ya jirani mutoto asinywe mpaka resulta itoke. Tafadhali.

fundi_wa_usiku

Mama jambo. Mi niko mutumishi wa mugodi, siyo lazima ule wa kwenu, sitasema. Nitaongea kama baba ya watoto inne wenye kula juu ya ile kazi.

Bibi yangu naye analima bilanga. Kwa hiyo sitakuambia unyamaze. Lakini naomba sana, musiandike "banki ikate mkopo" wala "kampani ifungwe". Mkopo ikikatwa wakubwa watapanda ndege, mi nitarudi nyumbani na bwawa itabakia pale pale na mabaki yake, bila mutu wa kuipompa. Bwawa yenye kuachwa njo mbaya kuliko bwawa yenye kazi.

Naweza kuwaambia kitu chenye watu wa inje hawaonake. Pa bwawa kunakuwaka muti ya kupimia yenye alama nyekundu, mayi haifae kupita pale. Mayi ya juu inarudishwa fakitire na ma pompu. Sasa SNEL, kampani ya umeme, ikikata moto usiku na mvua inanyesha, pompu inasimama, kama hakuna groupe (mashini ya kutoa umeme) ya kusaidia mayi inapanda polepole, na asubui unakuta alama imezama. Inje hakuna mutu anajua. Kisha wakubwa wanafungua vane ya mayi kidogo ili ukuta isianguke, wanasema ni kidogo tu, mvua itaosha. Ni kweli ukuta haianguke. Lakini ile "kidogo" njo inashuka kwenye lengalenga yako.

Kwa hiyo ombeni kitu chenye kuonekana: groupe ya pompu yenye kuwa tayari masika yote, plastiki nene chini ya bwawa pale haiko, alama ya bwawa iandikwe kila siku pa tableau kwenye mulango, na kartie iko na haki ya kusoma. Ile haiui kazi. Ile inaongeza kazi, watu watachimba mufereji, watalala macho pa pompu. Na mutu akiuliza umejua wapi mambo ya alama, sema uliisoma.

tantine_mokambo

Nimesoma haya yote na moyo wangu umeenda kwa shangazi yangu Mufulira, kule Zambia. Wale wa Mokambo wananijua, tunavuka mpaka kama kuvuka avenyu.

Pale Mufulira kulikuwa ule moshi wa fakitire ya shaba, watu wanauita senta, ukikaa kwenye veranda unashika koo kama mtu amekubana, shangazi alikuwa anaingiza watoto ndani na kuweka vitambaa vya maji chini ya mlango. Banki ya Uwekezaji ya Ulaya iliikopesha ile kampani, Mopani, euro milioni 48 mwaka 2005, ili watengeneze fakitire na moshi upungue. Pesa ilikuja, na miaka mingi kisha pale senta ilikuwa bado inaingia nyumbani. Mashirika ya Zambia na ya Ulaya yalipiga kelele bila kuchoka, wabunge wa Ulaya wakaingia ndani, na 2011, kisha hesabu za kodi za kampani kuvuja, ile banki ikasema haitatoa tena mkopo mpya kwa Glencore, yenye ilikuwa inashika Mopani wakati ule. Mitambo ya kukamata moshi ilikamilika 2014.

Naona mambo mawili ndani yake. La kwanza, kwamba banki kusema "tunakopesha ili kusafisha" haimaanishi kumesafishwa, lazima mtu wa pale akae anahesabu. La pili, lilichukua miaka. Shangazi alianza kukohoa mimi nikiwa binti, na mimi leo niko na wajukuu. Mama wa bilanga ujipange kwa safari ndefu mwanangu, uwe na watu wa kupokezana.

Na usiache kutaja ile ya Chambishi, mwezi wa pili 2025, ukuta wa bwawa la mabaki ulivunjika asidi ikaingia mto Kafue, samaki wakaelea tumbo juu na maji ya bomba yakakatwa Kitwe. Kitwe siyo mbali. Banki inayokopesha upande wetu haiwezi kusema haikusikia.

tata_kaisha

Mi nitaongea tofauti na nawaomba musinielewe vibaya, Mama niko nyuma yako asilimia mia moja.

Kwa nini kila mara tukiumia tunaandikia Ulaya? Banki haikuchaguliwa na sisi. Sisi tuko na burgomestre, na ba depite ya mkoa, na gavana. Kodi ya migodi inasema redevansi, ile malipo ya madini yenye kampani inalipa, nusu inaenda Kinshasa, mkoa unapata 25 kwa mia, mufuko wa vizazi vya kesho 10, na 15 kwa mia inaenda kwa komini ao sheferi yenye mugodi iko juu yake. Kumi na tano kwa mia! Halafu juu ya ile kuko 0.3 kwa mia ya mauzo ya kila mwaka ya kupeleka mu maendeleo ya watu wa karibu, na kuko komite ya kuisimamia ambamo wajumbe ya vijiji wanakaa. Na kaye de sharje, ile karatasi ya ahadi yenye kampani iliandikishana na watu. Mama, mu kartie yenu ni nani anakaa mu ile komite? Umewahi kumuona? Juu kama hamumujue, basi kuko mutu anaweka sahihi kwa jina lenu.

Mikataba ya migodi yenyewe, tangu dekreti ya mwezi wa tano 2011, Leta iko na siku 60 za kuitangaza. Kongo iko mu ITIE, ule mupango ya dunia ya kuonyesha wazi pesa za migodi, ripoti za pesa zinatoka, zinaonyesha kampani gani ililipa nini. Mi nimetoa fotokopi ya ukurasa ya komini yetu nikaenda nayo mu mukutano, nikauliza pole pole bila matusi, hii pesa ilifanya nini. Mukutano ilinyamaza. Mwezi ulifuata walitengeneza bomba mbili zenye zilikuwa zimekufa tangu zamani. Bomba mbili haiko kitu kikubwa, lakini ni sisi tulifanya, hakuna banki iliingia.

Mi naogopa kwamba tukizoea kupiga magoti kwa mukopeshaji, Leta itajifunza kulala zaidi.

yaya_wa_katuba

Tata Kaisha, heshima, na ile ya fotokopi nitaichukua nikaifanye kwetu. Lakini siyo kupiga magoti. Mukopeshaji aliweka sahihi yake mwenyewe juu ya masharti, akachukua faida, na pesa yake ndiyo ilipanua fakitire. Kumukumbusha sahihi yake ni haki kama vile kumukumbusha burgomestre. Tufanye vyote viwili, kopi ya barua ya komini iingie ndani ya barua ya banki, na kopi ya barua ya banki irudi komini. Kila mmoja ajue kwamba mwingine anajua.

Na nguvu ya wenye pesa usiidharau. Virunga, ndugu zetu wa Goma wanakumbuka: kampani ya Uingereza, Soco, ilikuwa na ruhusa ya Leta yetu wenyewe kutafuta petroli ndani ya hifadhi. Wavuvi wa ziwa Edward na vijana walikataa, wengine waliumia kwa sababu ya kukataa. 2013 shirika la WWF likapeleka malalamiko Uingereza kwa kufuata miongozo ya OECD, umoja wa nchi tajiri, juu ya makampani, na mwezi wa sita 2014 Soco ikatangaza itaacha. Na ile Brumadinho ya Brazil, bwawa la mabaki lilivunjika mwezi wa kwanza 2019 likaua watu 270. Mfuko wa pensheni wa Kanisa la Uingereza pamoja na mifuko ya pensheni ya Sweden waliandikia makampani zaidi ya 700 ya migodi, wakauliza kila moja: mabwawa yenu yako wapi, makubwa namna gani, yana hatari gani. Mwaka uliofuata ikatoka kanuni ya dunia ya mabwawa ya mabaki. Pesa ya wazee wa Uingereza waliostaafu ilifungua midomo ambayo wajane wa migodi walikuwa wanagonga miaka yote.

dirisha_namba_3

Nilifanya kazi upande wa mikopo mu banki hapa mjini, naomba niongeze kidogo juu kuna kitu kimoja hakijasemwa na mi naona ndiyo ufunguo.

Mkopo mkubwa hautolewi wote siku moja. Unatoka kwa vipande, na mbele ya kila kipande kampani inaweka sahihi kwenye karatasi inayosema tumefuata mpango wa mazingira, hakuna malalamiko makubwa, hakuna ajali. Mtu wa banki anasoma ile karatasi, hana kingine cha kusoma, hajawahi kuona kijito chenu, anaona kisanduku kimewekwa alama basi anapitisha. Barua yenu ikiwa mezani kwake siku ile, yenye tarehe, resulta za maji na kopi zenye muhuri, hawezi kupitisha kwa urahisi, juu kesho akiulizwa atasema nini? Barua hiyo hiyo ikifika kisha kipande cha mwisho kutoka, watawajibu kwa adabu na basi. Kwa hiyo musichelewe, na mutafute kujua mkopo uko wapi.

Kwa kutafuta: mingi ya banki hizi inaweka orodha ya proje zake pa saiti, jina la kampani, kiasi, tarehe, na herufi ya hatari. Ukiona A maana yake wao wenyewe walikubali kwamba hatari ni kubwa, na etidi ya mazingira lazima iwe wazi kwa watu. Pakueni ile etidi, mutafute ukurasa unaosema juu ya kijito. Mara nyingi kuna sentensi kama "hakuna maji yatakayotoka nje ya bwawa". Ile sentensi muinakili neno kwa neno, na chini yake muweke resulta yenu. Barua nzuri niliyowahi kuona ilikuwa kurasa mbili: ahadi yao upande wa kushoto, kilichoonekana na tarehe upande wa kulia, na mwisho maombi matatu. Hakukuwa hata tusi moja ndani.

Kama mkopeshaji ni banki ya biashara ya kawaida ni kazi ngumu zaidi. Nyingi zilitia sahihi kanuni za Ekweta, masharti ya mazingira ambayo banki zilijiwekea tangu 2003, lakini kanuni hizo hazina ofisi ya malalamiko kama ile ya IFC, hapo inabidi kuandikia banki moja kwa moja. Na kama pesa ni ya banki za China musikate tamaa mbele ya kujaribu, tangu 2022 msimamizi wao aliagiza banki ziwe na njia ya kupokea malalamiko ya mazingira, na hiyo ni kwa proje za inje pia.

Kuhusu woga wa wamama: ombeni majina yenu yafichwe, karibu ofisi zote zinakubali. Na barua isiwe ya mtu mmoja. Mumoja peke yake wanaweza kumuita pembeni na kumupa kibarua ao kumutisha, kumi na moja hawawezi.

mama_wa_bilanga

Nimesoma mara mbili, mara ya pili niliisoma kwa sauti wamama wote wakiwa pa nyumba yangu, na yule jirani wa kisima alilia wakati ya ile maneno ya watoto na mavumbi. Mungu awabariki wote.

Tata Kaisha, ile swali yako ilitushika. Tuliuliza nani anakaa mu komite kwa jina ya kartie yetu. Tukapata jina, na ni mutu alihama Likasi tangu miaka mbili. Shefu ya kartie mwenyewe hakujua. Wiki ijayo anaita barza tuchague mutu mwingine, na wamama wamesema lazima awe mama ya bilanga.

Fundi wa usiku, tulikubaliana na weye. Hatutasema wafunge. Maombi yetu ni resulta za mayi zipigwe pa ukuta ya komini kila mwezi, alama ya bwawa isomeke pa mulango, groupe ya pompu masika yote, na visima mbili vya kuchimba upande ya juu. Najua ni ine, siyo tatu, lakini hatukuweza kutoa hata moja.

Mutoto ya dada yangu alipata ile proje pa saiti ya banki. Herufi ni A. Etidi iko, kurasa ni mingi sana na yote Kifaransa, anaisoma usiku akitoka masomo, jana alifika pale wanaongea juu ya kijito na wameandika jina lake vibaya, wanaita jina ya kijito ingine ya mbali, na wanasema "hakuna mulimo kandokando". Hakuna mulimo! Mi mwenyewe nililimia pale mbele kampani haijaweka hata jiwe. Tumepiga foto ya ule ukurasa.

Chupa tulizipata, sita, laboratuari walitupunguzia bei tukachanga. Jumamosi asubui mapema tunapanda na shefu kuchukua ile ya juu, ni mwendo ya saa moja na nusu kwa miguu, na mama mumoja eko na mimba kubwa lakini amekataa kubakia. Kayé tumeigawa, kila mama anashika siku yake. Leo ilikuwa ya kwanza, karatasi ilionyesha 4, jirani akaandika 4 kubwa na bic nyekundu na saa pembeni, kumi na mbili na dakika kumi.

Swali yangu ya mwisho, chupa_safi: ile 4, ni mbaya namna gani?

chupa_safi

Mama, mayi ya kijito nzuri inakuwaka karibu na 7. Kila namba moja yenye kushuka, asidi inazidi mara kumi. Kutoka 7 mpaka 4 hesabu mwenyewe. Piga foto ya ile karatasi leo hii mbele rangi haijapotea, na Jumamosi munitumie ujumbe, nitakuja na mashini ya kupimia, tutapanda pamoja.